Kanivali ya Kusubiriana

Mtu akikuambia twende Rio, Brazil, tukaone kanivali, usimuulize habari za nauli wala viza. Muulize anaoga kwa muda gani. Nauli utakopa, viza utapanga foleni utapata, lakini muda wa mwenzio bafuni hakuna atakayekurudishia.

Watu wanaogopa vitu visivyo. Wanaogopa vibaka, wanaogopa jua la Februari, wanaogopa kupotea. Mimi nimerudi mzima, simu ninayo. Kilichonimaliza ni kusimama. Nimesimama mlangoni mwa hosteli, nimesimama nje ya vyoo, nimesimama chini ya matao ya Lapa usiku wa manane, namsubiri mtu amalize jambo lake. Jiji zima linacheza samba, mimi nimeshika pochi ya mtu.

Kikosi chenyewe kilikuwa hivi. Kulikuwa na Kamanda, cheo alichojipa mwenyewe kwa sababu ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp. Kulikuwa na Mweka Hazina, mshika mchango wetu wote, ambaye ukimuomba hela ya maji anakutazama midomo kwanza aone kama kweli imekauka. Kulikuwa na Bi Picha, jina linajieleza. Kulikuwa na Msemaji, aliyejifunza Kireno kwenye simu, na Kireno chote kikamwingia isipokuwa cha kukataa: akiulizwa chochote anajibu "sim, sim", ndiyo, ndiyo. Ndivyo tulivyojikuta tumepakwa unga wa kumetameta usoni, wote, kwa malipo, saa mbili asubuhi. Unga ule hautoki. Hata leo nikipiga chafya kuna kitu kinang'aa. Wa tano ni mimi, mshika pochi.

Wiki ya kanivali hosteli za Rio hazikuuzii usiku mmoja. Unachukua siku zote kwa mkupuo, kwa bei iliyopanda mpaka unajiuliza kama na choo utaondoka nacho. Tulichopewa ni chumba cha vitanda vya ghorofa tatu. Wa juu analala na feni, akiinuka ghafla ananyolewa. Wa chini analala na viatu vya dunia nzima. Mimi nilipewa katikati, ambako kila anayepanda ananikanyaga na kila anayeshuka ananikanyaga tena na kuomba radhi kwa lugha nisiyoijua.

Mabegi yetu ya mgongoni yalikaa kabati moja, kufuli moja, ufunguo mmoja, kwa amri ya Kamanda, eti usalama. Sasa sikiliza. Kanivali inapofunguliwa, Rei Momo, yule mfalme wa kanivali mwenye taji, hukabidhiwa ufunguo wa jiji la Rio, na jiji linakuwa lake mpaka Jumatano ya Majivu. Jiji la mamilioni ya watu, na ufunguo wake unajulikana uko kwa nani. Wa kabati letu hatukujua. Nguo zetu zimo ndani, sisi tuko na taulo, Ijumaa, kanivali imeanza.

Ufunguo alikuwa nao Bi Picha, na Bi Picha alikuwa Saara. Hii ni mitaa ya maduka pale katikati ya jiji ambako watu hununua mavazi ya kanivali: mataji, pembe za shetani, kofia za mabaharia, manyoya ya rangi ambazo hakuna ndege anayezo. Alirudi jioni na mabawa ya kipepeo, waya na wavu, kila bawa pana kuliko mlango. "Yanakunjika," akasema. Hayakunjiki. Tulijaribu sote.

Jumamosi asubuhi ndipo tulipopiga kura. Rio, mbali na yale maonyesho makubwa ya televisheni, ina mabloko, yaani vikundi vya ngoma na tarumbeta vinavyopita mitaani bure kabisa, na yeyote anafuata. Viko vingi, kila kimoja na saa yake na mtaa wake, na vingine huanza alfajiri wakati mtu mwenye akili ndiyo kwanza anageuka upande wa pili. Jumamosi hiyo kuna bloko moja liitwalo Céu na Terra, kule juu Santa Teresa kwenye vichochoro vya mlimani, na kuna Cordão da Bola Preta katikati ya jiji, bloko la tangu 1918. Yote mawili asubuhi. Kamanda anataka mlimani. Mweka Hazina anataka mjini kwa sababu mjini ni kuteremka, na kuteremka ni bure. Msemaji akasema sim kwa wote wawili. Kura zikapigwa, zikarudiwa, akatokea wa kudai kura ya siri. Tulipofika mwafaka kwamba twende Céu na Terra, kijana wa mapokezi akatuambia wenyewe wameanza kurudi. Kweli, mlangoni akaingia mtu amevaa kama nanasi, amechoka, amecheza, ameridhika, anakwenda kulala. Nilimwonea wivu yule nanasi.

Basi tukaenda Bola Preta, kwa metro. Siku za kanivali metro ya Rio haifungwi usiku wala mchana, na sifa hiyo nawapa. Lakini behewa limejaa maharamia, watawa wa kiume wenye ndevu, nyuki, Kleopatra watatu, na kipepeo wetu. Waya wa bawa la kushoto ulikaa ndani ya sikio langu stesheni zote. Nikisogea, unasogea. Nikamwambia dada, bawa lako. Akanijibu kwa upole kabisa: "Vumilia, likipinda halitapiga picha vizuri."

Bola Preta ni nyeupe yenye madoadoa meusi. Kila mtu: gauni jeupe madoa meusi, shati, kitambaa cha kichwa, mbwa. Ukitoka ngazi za stesheni unakutana na bahari hiyo, watu wa kuhesabiwa kwa malaki, na wimbo mmoja vinywani mwao wote. Kamanda akatupa maelekezo akiwa amesimama juu ya jiwe: tukipotezana, tukutane kwa muuza bia mwenye mwavuli. Wauza bia wa Rio kazi yao ni hii: anabeba sanduku la povu lililojaa barafu, na juu yake anafunga mwavuli. Wako kila hatua kumi. Tulipotezana palepale kabla hajashuka kwenye jiwe, na nikatumia kanivali ya siku ile kwenda kwa muuza bia mmoja baada ya mwingine nikiuliza kama amemwona kipepeo. Wote walikuwa wamemwona. Kila mmoja alinionyesha njia yake, na kila njia ilikuwa na kipepeo kweli, siyo wetu.

Halafu kwa adabu inabidi ununue kitu. Mimi nina noti ya reais 100, hela ya dharura niliyofichiwa na Mweka Hazina kwenye soksi, na muuzaji hana chenji. "Pix?" ananiuliza. Hiyo Pix ni kutumiana hela kwa simu, benki kuu yao iliianzisha mwaka 2020, na sasa hata muuza mahindi hataki karatasi. Lakini kuipata sharti uwe na akaunti ya kwao, na akaunti sharti uwe na namba ya mlipakodi, na mimi nina soksi. Kiu ilinishika mbele ya masanduku ya barafu yasiyo na idadi.

Nilipowapata wenzangu, walikuwa kwenye foleni ya choo. Nilijua tu. Manispaa ya Rio haina mchezo na anayejisaidia barabarani, faini yake ni mamia ya reais, kwa hiyo watu wote wale wanaelekea kwenye vibanda vya plastiki vilivyopangwa pembeni juani. Foleni ya choo cha kanivali ina tabia mbaya moja: ukimaliza, kiu inakurudia, unakunywa, unarudi nyuma ya mstari. Msemaji aliishi pale. Alipata marafiki. Mpaka leo wanaandikiana.

Haya yote ningeyasamehe kama nisingekwenda Sambódromo, uwanja wa mashindano ya samba. Kule ndiko nilikoharibikiwa roho.

Shule za samba, yaani vikundi vinavyoshindana kwa ngoma na mavazi, za daraja la juu ziko 12, na tangu 2025 zinapita nne nne kwa usiku tatu, Jumapili hadi Jumanne. Uwanja ni barabara, Marquês de Sapucaí, karibu mita 700, majukwaa huku na huku, upande wa namba shufwa na upande wa namba witiri. Kila upande una stesheni yake ya metro. Msemaji akamuuliza mlinzi kama hapa ndipo, mlinzi akasema maneno marefu yenye kuonyesha kidole mbali, Msemaji akajibu sim, sim, tukashuka. Upande siyo. Na huwezi kukatiza, maana katikati wanapita watu wenye manyoya na magari yenye urefu wa nyumba. Tulizunguka mitaa kipepeo akitangulia.

Oscar Niemeyer, yule yule aliyechora majumba ya Brasília, ndiye aliyechora uwanja ule, ukafunguliwa 1984. Marehemu hasemwi vibaya. Nasema tu kwamba ngazi ni za zege na hazina pa kuegemea, na shule ya kwanza inaingia saa nne usiku, ya mwisho inatoka kukikaribia kucha.

Sasa ndipo nilipoona. Shule moja ni watu wanaokaribia 3,000. Wapiga ngoma peke yao ni zaidi ya 200. Kuna magari ya maonyesho, kuna mwanamke mshika bendera anayezunguka na mwenzake wa kiume, kuna makundi kwa makundi ya mavazi. Wote hao wana dakika 80, basi. Saa inahesabu. Ikizidi dakika moja, shule inakatwa sehemu ya kumi ya alama moja. Likitokea pengo, kundi moja likaachana na la mbele yake, majaji wanaandika. Pembeni wanakimbia watu wa shule wenye fulana, wanapunga mikono, wanasukuma kwa macho, sogea, imba, jaza hapo. Na panajazwa!

Watu 3,000 wenye manyoya wanatoka mahali pamoja kwa wakati mmoja. Sisi watano, wenye kaptula, kutoka hosteli ilituchukua asubuhi nzima.

Wakapita akina mama wa Kibahia, baianas, ambao kila shule lazima iwe nao. Wengi ni watu wazima, bibi za watu. Mmoja alipita chini yetu kabisa: sketi yenye pete ndani, pana mpaka hamwezi kukaa wawili kwenye kochi, kilemba, shanga kifuani, jasho linamchirizika shingoni. Anazunguka. Anazunguka na anaimba kila neno, hakosi hata kituo. Nyuma yake mwingine, nyuma yake mwingine, sketi zinakaribia kugusana na hazigusani. Nilitaka kumwonyesha Kamanda. Nikageuka: Kamanda kalala ameegemea bawa. Mweka Hazina kaenda kupinga bei ya soda. Bi Picha amegeuzia uwanja mgongo, anajipiga picha. Msemaji, unajua alikokuwa.

Pengo! Ningekuwa jaji ningetukata hadi tudaiwe.

Jumatano ya Majivu alama husomwa hadharani, na Rio inakaa mbele ya televisheni. Tulikaa kwenye baa ndogo, mabegi miguuni, ya kuondoka. Msomaji anataja jaji, anataja shule, anataja alama: kumi. Kumi. Tisa nukta tisa. Meza ya pili kulikuwa na mzee mwenye shati la kijani na waridi, rangi za shule ya Mangueira. Iliposomwa tisa nukta nane alivua kofia, akaiweka mezani, akaomba bili. Kwa sehemu mbili za kumi! Mimi nasafiri na watu ambao hata tisa wenyewe hawajawahi kuiona, na hakuna aliyewahi kuvua kofia.

Kamanda alikuwa anatazama kwa makini, na ninapomwona Kamanda makini tumbo linanikata. "Kumbe," akasema, "zile sita za juu zinapita tena Jumamosi, gwaride la mabingwa. Tubaki?"

Mweka Hazina akafungua daftari. Hela iliyobaki, akasema, inatosha tiketi za Jumamosi, au basi la kwenda mji wa Paraty, siyo vyote. Msemaji akasema sim. Bi Picha akasema mabawa bado mazima. Kamanda akapendekeza kura, ikatoka wawili kwa wawili, wote wakanigeukia mimi.

Nikavaa begi langu mgongoni. Nikawaambia mimi naelekea kituo cha mabasi, Novo Rio. Basi linaondoka saa kumi na mbili kamili, na dereva wake hayumo kwenye kundi letu la WhatsApp.