Imejaa Si Sababu ya Kufuta Sauti za Wazee Wetu

"Imejaa hii, khalati. Dawa yake kupiga Windows upya." Ndivyo khalati yangu, ndugu yake mama, alivyoambiwa na fundi mmoja wa hapa mjini, na yeye, mwalimu mstaafu anayeamini kwamba mwenye fani yake anajua anachokifanya, akamjibu haya mwanangu, fanya. Jioni akakabidhiwa laptopu inayowaka upesi, diski C iko wazi kabisa. Na kila alichokirikodi Pemba tokea astaafu kimekwenda.

Nimeamua kuiandika hasira hii kwa sababu kila ninayemsimulia ananijibu kwa kisa chake. Mmoja zimepotea picha za harusi. Mwengine utafiti wa shahada yake, uliobakia kupigwa chapa tu. Mwengine picha alizokuwa nazo za marehemu babake. Wote shida yao ilikuwa ndogo, nafasi imekwisha, na wote walipewa dawa ile ile moja.

Niseme kwanza kilichokuwemo ndani ya laptopu ya khalati. Alikuwa akienda Konde, akienda Micheweni, anakaa na bibi na babu wa huko anawarikodi: nyimbo za msimu wa karafuu, hadithi, vitendawili, majina ya mashamba ambayo vijana hawayajui tena. Moja niliwahi kuisikia. Bibi anachambua karafuu, unasikia makonyo yanavyovunjika mkononi, kuku anafukuzwa jamvini, halafu bibi anaanza kuimba pole pole. Katikati anasita, anauliza, "Ushaiweka hiyo?" Khalati anamjibu, "Ndiyo bibi, imo." Bibi anaendelea. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na Kipemba kile alichokiimba, kwa sauti ile, hakuna pengine pa kukisikia.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapochomeka zaidi. Sauti ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kwa mazungumzo inatosha na kubaki, inakula kiasi cha MB 1 kwa dakika. Saa nzima ya bibi huyo akiimba na kusimulia haifiki MB 60. Kwa upande mwengine, Windows ikipandishwa toleo jipya huliweka lile la zamani ndani ya folda iitwayo Windows.old, na folda hiyo si ajabu kuikuta na GB 20. GB 20 ni zaidi ya saa 300 za sauti kama ile. Saa mia tatu! Wazee wote wa kijiji kizima wangeingia humo, wakasimulia mpaka wakachoka, na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo laptopu zetu hazijazwi na bibi zetu. Zinajazwa na makombo ya mfumo wenyewe, na programu zilizokwisha kazi, na video za makundi ya WhatsApp ambazo hata hatukuzitazama. Vyote hivyo vikifutwa leo, kesho ukivitaka unanunua bando unavipakua tena. Lakini kinachofutwa mwanzo, na bila kuulizwa, ni kile ambacho hakuna bando litakalokirudisha. Gunia likijaa karafuu hakuna mkulima anayekwenda kuukata mkarafuu.

Baada ya mkasa huo nilikaa na laptopu ya binamu yangu, iliyokuwa inatoa tangazo lile lile jekundu la nafasi kwisha. Ilikuwa imepandishwa kwenda Windows 11 wiki ile ile. Diski yake ni ya GB 256, na Windows inaionyesha kama 238. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani wameuziwa kitu kilichopunguzwa. Hawakuibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, basi. Zilizobaki wazi zilikuwa GB 2.

Tukafungua Settings, tukaingia System, kisha Storage. Ukurasa huo uko kwenye kila laptopu ya Windows 10 na 11, na unakwambia wazi nani kakaa wapi. Ukibonyeza faili za muda unaletewa orodha, na juu kabisa palikuwa na Windows ya zamani, imelala na GB zake ishirini na kitu. Kabla ya kuifuta tukaingia ndani yake tukaangalia folda ya Users, na hili nawasihi msiliruke. Ikiwa fundi aliwahi kuiweka Windows upya bila ya kufomati, yaani bila ya kuifuta diski yote, nyaraka zako za zamani huenda zimo humo na si kwengine. Na msichelewe, kwani baada ya kupandishwa toleo Windows huifuta folda hiyo yenyewe zikipita siku 10. Ya binamu haikuwa na kitu chake ambacho hakikuhamishwa, tukaiondoa. Kisha mabaki ya masasisho. Kisha pipa la taka, ambalo lilikuwa limejaa vitu alivyodhani vimeshaondoka. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida nafasi hairudi mpaka pipa limwagwe.

Tulipofika folda ya Downloads tukaenda pole pole zaidi. Mle mulikuwa na faili za kuwekea programu ambazo programu zenyewe zimeshawekwa zamani, na fomu moja ya skuli imepakuliwa mara chungu nzima, kila nakala na namba yake kwenye mabano. Lakini humo humo pia palikuwa na cheti chake cha kuzaliwa kilichoskaniwa, na barua ya kazi. Ndiyo maana sitaki programu yoyote iachiwe kuifagia folda ile peke yake. Huyo msafishaji wa Windows anayeitwa Storage Sense anafaa kwa faili za muda, ila kwenye sehemu ya Downloads muwekee asiguse kamwe.

Mwisho tukaweka WinDirStat, programu ya bure inayoichora diski nzima kwa viboksi vya rangi, kila kiboksi faili moja, na ukubwa wake kwa kadiri ya ukubwa wa faili. Hapo hata mtoto anaona. Viboksi vikubwa vilikuwa video za harusi, za 4K, zimetoka kwenye simu kama zilivyo. Video ya namna hiyo inaweza kula MB 300 na zaidi kwa dakika moja, kwa hiyo nusu saa ya bibi harusi akiingia ukumbini inakaribia GB 10. Hazikufutwa. Zilinakiliwa kwenye hadidiski ya nje, tukafungua chache kuhakikisha zinacheza, ndipo zikatolewa kwenye laptopu.

Binamu aliondoka na nafasi tele, na hakupoteza hata herufi moja ya kwake. Kazi yote ilikwisha baina ya alasiri na magharibi.

Kuna jambo la faili la kulalia, hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, ile kumbukumbu ya mashine ikiwa kazini. Kwenye laptopu ya RAM ya GB 8 ni zaidi ya GB 3. Linazimwa kwa kuandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri, Command Prompt, ukilifungua kama msimamizi. Mimi kwa umeme wetu huu na betri zilizochoka siwashauri wengi walizime, maana ndilo linaloihifadhi kazi yako laptopu inapoishiwa chaji ikiwa imelazwa.

Nirudi kwa mafundi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ipo siku kufomati ndiko kunakofaa. Virusi vikishika mizizi, mfumo ukiharibika usiwake, mashine ikiuzwa kwa mtu mwengine. Sibishi. Na najua kijana wa mezani ana laptopu nyingi zinazomsubiri, na mteja anataka yake kabla ya boti ya kurudi Pemba. Lakini swali la "mama, una vitu vyako humu, vina nakala?" linachukua muda gani? Khalati hakuulizwa. Aliambiwa imejaa, na neno hilo likawa ndiyo hukumu.

Na msije mkapozwa kwa maneno kwamba vilivyofutwa vitarudishwa. Kwenye hadidiski ya zamani inayozunguka yapo matumaini kidogo, mradi mashine izimwe pale pale na lisiandikwe kitu juu yake. Kuweka Windows mpya ni kuandika juu yake. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka, hali ni mbaya zaidi: ukifomati, Windows huipelekea diski amri iitwayo TRIM, kuiambia kwamba nafasi yote hiyo haina mwenyewe tena, na diski hujisafisha. Laptopu nyingi tunazonunua siku hizi, hata zilizotumika, zina SSD. Ya khalati nayo ni SSD. Tuliuliza kwa watu wanaoijua kazi hiyo, jibu lilikuwa moja.

Hata waliotengeneza Windows walijua uzito wa jambo hili walipofika kwenye faili za watu. Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho la Windows 10, likaanza kufuta nyaraka za baadhi ya watumiaji, na ndani ya siku chache wakalisimamisha dunia nzima. Lilirudi mwezi uliofuata. Kampuni kubwa namna ile ilisimama kwa ajili ya faili za watu wasiowajua. Sisi tunaojuana, tunaosali msikiti mmoja, tunashindwaje kusimama kidogo kwa ajili ya bibi wa Konde?

Watu wakinisikia nasema haya huniambia kwamba hifadhi ni kazi ya serikali. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, wanayo kazi yao, wanatunza barua na madaftari ya zama na zama, na Mungu awape nguvu. Lakini wimbo wa karafuu uliorikodiwa kwa simu ukumbini kwa bibi hauko Kilimani. Ulikuwa kwenye laptopu ya mwalimu mmoja mstaafu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda mpaka Bombay kurikodi sahani za santuri, safari ya bahari nzima kwa ajili ya kuikamata sauti, na kwa sababu sahani zile zilinunuliwa zikaingia majumbani mwa watu wengi, leo bado tunamsikia. Ziliokolewa na wingi wake. Khalati alikuwa na nakala moja tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aweke mbili.

Basi tuambiane. Sauti na nyaraka ni nyepesi. Flashi ya GB 32 inabeba mamia ya saa za MP3. Weka moja nyumbani, nyengine mpe ndugu ng'ambo ya pili, wa Unguja amuwekee wa Pemba na wa Pemba amuwekee wa Unguja. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na ingawa barua pepe na picha zinagombania nafasi hiyo hiyo, rikodi za khalati zote zingeingia. Flashi peke yake msiiamini, inapotea na inakufa ghafla, ndiyo maana nasema mbili na mahala mbalimbali.

Ninalisema hili sasa kwa sababu meza za mafundi zimejaa kuliko zamani. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wanabeba laptopu zao kwenda kupandishwa Windows 11, ambayo inataka mashine yenye hifadhi isiyopungua GB 64. Zenye diski ndogo zitaambiwa zimejaa, na zitapigwa Windows upya kwa makumi. Kabla hujaitoa laptopu mkononi, nakili vyako, kisha mwandikie fundi kwenye karatasi, uibandike juu ya kifuniko: usifomati bila kunipigia simu. Na nyinyi mafundi mnaosoma hapa, ambao najua wengi wenu ni watu waungwana, pigeni hiyo simu. Asipopokea, iacheni laptopu ilale hapo dukani mpaka asubuhi.