Injini inanunuliwa, bodi hainunuliwi

Mwezi mzima sasa naulizwa swali moja. "Mwalimu, hiyo Carina bado tu hujaiuza?" Naulizwa ofisini, naulizwa baada ya swala ya Ijumaa, na jirani yangu hapa Mikindani huniuliza asubuhi akiwa na mswaki mdomoni, maana moshi unaingia uani kwake. Ni moshi wa bluu. Nikiwasha alfajiri unafoka dakika moja au mbili, kisha unakata, na gari linakwenda Mtwara mjini na kurudi bila kutoa tena hata uzi wa moshi. Lakini oili inapungua. Kila baada ya wiki tatu naongeza karibu lita nzima.

Gari ni Toyota Carina Ti, injini ya 5A, namba B, yaani herufi ya kwanza kwenye kibao chake cha usajili. Huu ni mwaka wa 11 niko nalo. Fundi wangu kanipigia hesabu ya kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kubadilisha sili za valvu (vipete vya mpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye valvu), gasketi, mkanda wa taimingi pamoja na bushi za mbele ambazo zimekwisha, na ufundi wake humo humo: milioni moja na laki moja. Dalali aliyekuja kuliangalia kazunguka mara mbili, kapiga tairi teke, kasema milioni mbili na nusu, taslimu, leo leo.

Hapo kila mtu hugeuka mhasibu. Milioni moja na laki moja katika gari la milioni mbili na nusu, karibu nusu ya bei! Uza, mwalimu, kabla halijakufia mikononi. Hesabu hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuandika, kwa sababu naamini ina makosa, na makosa hayo yanawatia hasara watu wa huku kwetu kila mwaka.

Tuanze na hiyo milioni mbili na nusu. Nikiipokea, nanunua nini? Kwa fedha hiyo hapa Mtwara nitapata gari la mtu mwingine anayeliuza kwa sababu zake asizozisema. La kwangu nalijua. Najua taa ya kushoto huingiza maji, najua gia ya pili husita asubuhi gari likiwa la baridi, najua rejeta nilibadilisha lini na kwa nini. La mtu sijui lolote. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, na ukifika nyumbani unakuta ni kimeo, unaanza kulitengeneza kuanzia sifuri.

Na kuagiza Japani? Hilo ndilo wengi wanaloniambia kana kwamba ni kwenda dukani. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linapoingia bandarini linakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, linakutana na VAT ya asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa sababu tu ya umri wake. Bado hujalipa ushuru wa ukubwa wa injini wala tozo nyingine. Mwalimu anayeuza Carina kwa milioni mbili na nusu atakopa, na marejesho ya mkopo ule yatakata mshahara kwa miaka kadhaa. Sili za valvu zitamkata mara moja.

Kwa hiyo natetea kutengeneza? Ndiyo, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo lilinigharimu.

Kabla sijaitegemea Carina peke yake, tulikuwa pia na Mark II, GX100, tuliyonunua mimi na mdogo wangu ili ifanye biashara ya kukodisha. Injini ilikufa mwaka 2017. Sikufikiri. Nilikwenda Dar es Salaam, nikanunua injini ya mtumba pamoja na gia boksi lake, nikaisafirisha kilomita zaidi ya 500 mpaka Mtwara, ikafungwa. Ikawaka kama mpya. Nilikuwa nasimama pembeni nasikiliza tu inavyounguruma, nimeridhika. Baada ya miezi saba mdogo wangu alikuwa anatoka Newala, barabara ya vumbi, akaingia kwenye shimo ambalo si kubwa. Shokapu ya nyuma ikatoboa bodi ikachomoza juu, ndani, nyuma ya siti. Bati lililokuwa linaishika lilikuwa limebaki rangi tupu.

Welda alilichomelea. Akichomelea hapa, linapasuka pale, kwa sababu chuma kilichooza hakishiki moto. Tulikuwa na injini nzuri kabisa ndani ya bodi iliyokufa. Tukaamua kuuza msimu wa korosho, wakati ambao huku ndipo gari linapouzika, na bahati mbaya ukawa ule msimu wa 2018/2019 ambao fedha za korosho ziliwachelewea wakulima wengi. Wanunuzi hawakuwepo. Mwishowe tuliichomoa injini tukaiuza peke yake, na bodi ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikapimwa kwa kilo. Nilikuwepo ikipimwa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza auze au atengeneze, simuulizi habari za injini. Namuuliza: umeingia chini ya gari lako?

Huku pwani ya kusini gari halifi kwa kilomita. Linafia kwenye bati. Upepo wa bahari una chumvi, na sisi wa Mikindani, Shangani, au wale wa Lindi mjini tunalala nao usiku kucha. Kuna wanaobeba samaki kwenye buti, maji ya chumvi yanachuruzika chini ya zulia na hayaonekani tena. Na kuna salfa. Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, kila mwenye gari ndugu zake wanalikumbuka, na mifuko ya salfa inasafiri kwenye buti kwenda shamba. Unga ule humwagika kidogo kidogo, unajaa kwenye mikunjo ya bati, na ukishapata unyevu unakula chuma. Mimi nimebeba salfa miaka mingi bila kuwaza.

Jumamosi iliyopita fundi alipandisha Carina juu ya magogo, akatandika boksi lililofunuliwa, akaniambia, "Mwalimu, lala mwenyewe uone. Usije ukasema nimekudanganya." Akanipa bisibisi kubwa ya bapa. Akanielekeza nigonge kwa mpini, siyo kwa ncha, nianze chini ya mlango wa dereva nirudi nyuma. Ko, ko, ko. Chuma kizima kina sauti kavu, fupi. Nikaenda hivyo mpaka tairi la nyuma, nikavuka upande wa pili, nikagonga mahali shokapu zinapokaa, zote nne, nikiwa nimebana pumzi kwa kumbukumbu ya Mark II. Ko, ko. Nikafika chini ya buti, karibu na tairi la akiba. Pwa. Sauti imelegea, kama kugonga kadibodi lililoloa. Nikageuza bisibisi nikasukuma ncha, ikapita. Unga wa rangi ya matofali ukanidondokea machoni.

Tundu lenyewe lina upana wa kiganja. Ndipo mifuko ya salfa ilipokuwa inakaa. Lakini pale hapabebi shokapu wala injini. Ni sakafu tu. Fundi akachungulia, akasema, "Hapo tunakata mpaka tufike kwenye chuma kizima, tunaweka kiraka, tunapaka ya kuzuia kutu. Ingekuwa ubavuni pale chini ya mlango, ningekwambia ukubali hela ya dalali."

Hilo ndilo sharti langu lote. Injini utaipata dukani, gia boksi utalipata, hata stelingi reki utaletewa. Bodi iliyooza kwenye sehemu zinazobeba uzito hakuna anayekuuzia. Ikioza huko, uza mapema, na mwambie mnunuzi ukweli, au ligawanye spea kwa spea. Ikiwa nzima, acha kulinganisha gharama ya fundi na bei ya dalali, kwa sababu bei ya dalali haina uhusiano wowote na kazi ambayo gari lako linakufanyia.

Baadhi ya mafundi wataruka moja kwa moja kwenye kushusha injini, kwa hiyo moshi nao uuelewe kabla ya kuingia gharama. Moshi wa bluu wa asubuhi unaokata baada ya dakika mbili mara nyingi ni sili za valvu: mpira wake umekauka kwa umri na joto, usiku oili inashuka taratibu juu ya valvu, asubuhi inaungua. Ukiona moshi unatoka gari likiwa limebeba mzigo, mathalani unapopanda kule Newala, na ukifungua kifuniko cha oili pumzi inakurudia usoni, hapo shaka iende kwenye ringi za pistoni, na kazi ni kubwa zaidi. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kufungua nati hata moja. Silinda zangu nne zilikaribiana. Ndiyo maana sinunui injini.

Dalali alikuwa na hoja nyingine: "Namba B hiyo mwalimu, nani ataitaka mwakani?" Hii habari ya namba inaniudhi kweli. Herufi ya kibao inakwambia gari limesajiliwa Tanzania lini, haikwambii limetengenezwa lini. Carina ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2001. Ya namba B na ya namba D zote ni za zama zile zile, ila yenye D watu wanaiongezea milioni na zaidi. Nakubali jambo moja tu, kwamba iliyochelewa kuja imekula chumvi yetu miaka michache. Basi ingia chini yake ugonge. Na pita na sumaku kwenye milango na madigadi; isiposhika, ujue chini ya rangi kuna puti, hakuna bati.

Kuna ushauri mmoja nilipewa ambao nimeukataa, na nausema wazi kwa sababu najua unafanyika. Niliambiwa nimwage oili nzito, moshi utapungua kwa wiki mbili tatu, nioshe injini ing'ae, nisubiri Oktoba minada ya korosho ianze, nimuuzie kijana wa Nanyamba au Tandahimba aliyetoka kulipwa. Mkulima wa korosho hupata fedha kubwa mara moja kwa mwaka. Amepalilia, amepulizia, ameokota, amekaa akisubiri mnada na malipo. Kumchukulia fedha ile kwa gari ulilolificha ugonjwa ni kumla mtu mwaka wake mzima. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Sitafanya.

Ukiuza, nenda mbadilishe umiliki mkiwa pamoja. Mkataba wa mkononi hautoshi. Faini ya barabarani hutozwa kwa kila kosa, na mfumo unalijua jina lililo kwenye kadi ya gari tu. Mwenzangu mmoja kazini ameuza gari tangu zamani na bado anapokea madeni ya mtu anayeendesha Songea. Na aliyebadilisha injini ahakikishe namba ya injini mpya imeingizwa kwenye kadi, la sivyo siku ya kuuza atasimama mbele ya mnunuzi hana la kueleza.

Faida nyingine ya Carina, ambayo haionekani kwenye bei, ni spea. Nyingi zinaingiliana na za Corolla 110, na magari hayo yamejaa mji huu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, niliona wenye magari ya kisasa zaidi wameyaegesha wakisubiri kifaa kimoja kitoke Dar. Mimi nilikuwa na boljointi iliyokwisha. Nilitembea maduka mawili nikapata ya mtumba, jioni nikawa barabarani. Wiki ile ile mama alipandwa na presha saa nane usiku, tukamfikisha hospitali ya Ligula kwa gari hili. Sikuwaza bodaboda nipate wapi, sikumgongea jirani. Mke wangu hupenda kusema kwamba usiku ule peke yake umelipa hizo milioni moja na laki moja, na mimi sina jibu la kumpinga.

Hedi imeshafunguliwa. Iko juu ya meza ya fundi, valvu zimepangwa kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa matundu kumi na sita ili kila moja irudi mahali pake. Sili za zamani nilizifinya kwa vidole, zikakatika kama ganda la korosho lililobanikwa. Mpya zinakuja na basi la Alhamisi. Welda anaanza kukata sakafu ya buti kesho asubuhi, na nimeshawatangazia ndugu zangu wa shamba kwamba mwaka huu salfa watafute gari lenye keria.