Kipande Kilichochakaa Hakitoshi Kuagizia Kipuri Ng'ambo

Viwanda vyetu vingi huagiza vipuri vya kukerezwa kutoka China na India kwa njia ambayo naamini inatugharimu kuliko bei ya vipuri vyenyewe. Shafti ikikatika au gia ikiisha meno, kipande kilichochakaa hupigwa picha kikiwa na rula pembeni, au hufungwa na kutumwa kwa ndege hadi Dongguan kule China au Rajkot kule India, kikiambatana na ombi moja tu: mtutengenezee kingine kama hiki. Fundi wa huko hakukiona kipande hicho kilipokuwa kipya. Hupima alichonacho mkononi, na ikiwa mahali pa kukalia beringi pamelika, hukereza shafti mpya yenye upungufu uleule. Mzigo unapofika Dar es Salaam au Mombasa baada ya majuma kadhaa baharini, beringi inapwaya tangu siku ya kwanza, na watu husema kwamba mali ya China ni mbovu.

Siikubali lawama hiyo, kwa sababu karakana hizohizo hukereza kwa usahihi mkubwa vipuri vya wanunuzi wanaojua kueleza wanachokitaka. Chukua shafti ya kipenyo cha milimita 50 inayobeba beringi. Kwa k6, yaani alama ya mipaka ya kipenyo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 286, ambayo hutumika mara nyingi kwa kazi ya namna hiyo, kipenyo kinatakiwa kiwe kati ya milimita 50.002 na 50.018. Mnunuzi akiandika "50" peke yake, na mkataba ukarejea ISO 2768 daraja la kati, kiwango cha vipimo ambavyo mchoro haukuvitajia mipaka, kama ilivyo desturi ya karakana nyingi, mtengenezaji anaruhusiwa kuleta shafti yenye kipenyo chochote kati ya milimita 49.7 na 50.3. Shafti ya milimita 49.8 haina kazi kiwandani kwako, lakini kwa karatasi uliyotia saini haina kasoro, na huna pa kudai.

Huenda ukauliza kipimo cha awali kitapatikana wapi iwapo kipande chenyewe kimekwisha kulika. Mara nyingi jibu liko kwenye beringi. Beringi yenye namba 6310 ina tundu la milimita 50, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, huzidishwa kwa 5. Kwa hiyo fundi mwenye katalogi ya beringi na ya sili za mafuta anaweza kurudisha vipimo vikuu vya shafti ambayo imechakaa kabisa.

Aina ya chuma nayo huachwa wazi mno. Maneno "chuma kigumu" hayamfungi mtu yeyote. Andika 42CrMo4, ambayo ni aina ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu, andika ugumu unaotakiwa baada ya kupashwa moto na kupozwa, kisha udai cheti cha aina ya 3.1 kwa kiwango cha Ulaya cha EN 10204, ambacho hutaja matokeo ya vipimo vya chuma kilekile kilichouzwa. Bila hayo, muuzaji anayeshindania bei atatumia chuma cha kaboni cha bei nafuu zaidi, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni malipo. Mpango wa kawaida ni asilimia 30 wakati wa kuagiza na asilimia 70 kabla mzigo haujasafirishwa, na wanunuzi wengi hulipa ile 70 baada ya kutumiwa picha ya masanduku yaliyofungwa. Nguvu yote ya mnunuzi imo katika fedha hiyo. Isitoke kabla ya kupokea ripoti ya vipimo vya kila sehemu nyeti, na kwa oda kubwa ni busara kumlipa mkaguzi wa kujitegemea aende karakanani. Mzigo ukishapakiwa melini, kuurudisha ni gharama ambayo hakuna mhasibu atakayeiidhinisha.

Mkaguzi wa upande wetu naye ana wajibu wake. Vipimo vya viwango hivi hutolewa kwa nyuzi joto 20, na shafti ya chuma ya milimita 50 ikiwa na nyuzi 32 huongezeka kipenyo kwa takriban mikroni 7 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), karibu nusu ya mikroni 16 zinazoruhusiwa na k6. Shafti iliyotolewa juani isipimwe papo hapo kwa maikromita iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Viachwe pamoja hadi joto lao lilingane.

Wala si kila kipuri kinastahili safari hiyo. Bushi ya shaba ya kawaida inakerezwa vizuri katika karakana za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Lakini hata huko mchoro unahitajika, na fundi sanifu aliyefunzwa vizuri anaweza kuichora shafti ya kawaida kwa muda mfupi. Mchoro huo uwe mali ya kiwanda, wenye namba na tarehe, uhifadhiwe ofisini badala ya kubaki katika simu ya ofisa ununuzi, ili oda ijayo iweze kupelekwa kwa mtengenezaji yeyote.