Jini la Kwenye Sabufa

Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mkabala, huku Mwananyamala, ni mlinzi wa usiku. Akienda kazini hufunga kufuli mbili, maana ndani ana sabufa anayoipenda kuliko godoro lake. Siku ya Idi aliniomba niiunganishe na simu yangu kwa blutuu, tumpigie bibi mwenye nyumba taarabu. Idi ikapita, taarabu ikaisha, simu na sabufa wakabaki wanajuana.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika. Nimejilaza zangu natazama Doctor Who kwenye simu, sauti ya chini. Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya Waingereza iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, bwana mmoja anazunguka karne na sayari ndani ya kibanda cha polisi cha bluu. Kibanda kikitua kinakoroma na kukwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Mara umeme ukarudi. Mtaa mzima "Huooo!", feni yangu mbovu ikaanza kunguruma, na simu ikawa bubu.

Nikajua spika imekufa. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Nikarudisha pale kibanda kinapotua, nikajaribu tena, na tena. Koridoni wakaanza makelele. Nikasonya: nyumba hii watu hawajui kama wengine wana kazi asubuhi.

Kumbe koridoni wamejaa. Kufuli mbili ziko nje, na ndani mtu anakata nondo! "Kaingilia darini huyo!" Kuna aliyekuja na mchi, kuna aliyekuja na msumeno. Bibi akagonga mlango: "Toka mwenyewe, mwanangu, hatukupigi." Muda huohuo kwangu wakatokea Dalek, yale madubwana yenye sauti ya kopo. Sabufa ikabwata kwa Kiingereza. Mwalimu wa chumba cha mbele, ambaye ndiye hutusomea barua zote za kutisha, akatafsiri: "Anasema atatuangamiza."

Mwizi akawa jini palepale. Ukaletwa ubani, akaletwa na mzee wa kusoma dua.

Mimi huku nimeshakata tamaa na Doctor Who, nikafungua nyimbo za gemu, nione kama tatizo ni video. Ukaanza ule wa mwisho wa Portal, gemu ya mwaka 2007. Ni utunzi wa Jonathan Coulton, na anayeimba ni kompyuta ambayo wewe mchezaji umetoka kuiteketeza sasa hivi. Inakuimbia kwa upole, wala haina kinyongo. Napenda sana wimbo ule. Koridoni mzee ndiyo kwanza amesema amina, wakasikia sauti nyororo ya kike kutoka ndani. Wote wakamgeukia mwalimu.

Mwalimu akameza mate. "Anasema bado yu hai."

Ndoo zilipoanza kupinduka ndipo nikafungua mlango. Wimbo unaofuata ukaingia, ule wa Super Mario Bros., na watu wanakimbizana kwelikweli kama wamo kwenye gemu. Mjukuu wa bibi, ambaye pesa yake ya andazi huishia kwenye kibanda cha gemu, akapiga kelele: "Mario hiyo! Simu ya kaka hiyo!"

Macho yote yakatua mkononi mwangu. Nikabonyeza. Jini likanyamaza.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Ilibidi nieleze. Nikamwambia ule mkwaruzo si wa nondo, mtengenezaji wake ni Brian Hodgson, fundi wa sauti wa BBC. Alichukua ufunguo wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza kwenye nyuzi za piano kuukuu, halafu akaipitisha sauti kwenye mitambo hadi ikawa chombo cha kusafiria nyakati. Hata sinthesaiza hakutumia! Nilishachangamka, nikaanza kuonyesha kwa ufunguo wangu kwenye kitasa.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, chetezo mkononi.

"Sasa na huyo mama yake," akauliza, "aliingiaje ndani?"