Kabla ya Bastola, Kagua Sanduku

Bastola ya kale ya Kimarekani, Colt ya mfukoni ya mtindo wa 1849, ikiwa ndani ya sanduku lake la mkangazi, pamoja na kalibu ya risasi, chupa ya baruti, bisibisi na kopo la fataki (vikofia vidogo vya kuwasha baruti), bei yake hupanda mno kuliko ikiuzwa peke yake. Hapo ndipo walaghai wanapopatia riziki. Kiwandani Hartford, Connecticut, vipande vya bastola moja viligongwa namba ileile, kuanzia fremu hadi mtutu, kwa sababu mashine zilikata chuma lakini mafundi bado walikipiga tupa mpaka kikakaa sawasawa. Namba ilizuia vipande visichanganyike. Sanduku kwa kawaida halikupewa namba, basi bastola yoyote inayoenea humo inaweza kufungishwa ndoa na sanduku lisilo lake.

Anza na kitambaa cha ndani ya sanduku. Mitutu ya kawaida ya 1849 ilikuwa ya inchi 3, 4, 5 na 6. Ukiinua bastola ya inchi 4 ukakuta mahameli imebonyea kwa urefu wa inchi 6, ndoa hiyo ni ya juzi. Sanduku la kweli lina makovu: nyundo imechimba mahali pake, mafuta yamechora umbo la silinda, kutu imeacha doa mdomo wa mtutu unapolala. Mahameli inayong'aa kila pembe mimi siilipii hata senti ya ziada, hata muuzaji aape vipi.

Halafu fungua skrubu moja ya bawaba, moja tu. Skrubu za mbao za Marekani zilikuwa butu nchani hadi katikati ya miaka ya 1840. Kiwanda cha kwanza cha Colt, kule Paterson, New Jersey, kilifungwa 1842. Sanduku linalodaiwa kuwa la huko likiwa na skrubu zilizochongoka, ama bawaba zimebadilishwa ama sanduku zima ni la baadaye. Malizia gizani kwa taa ya urujuanimno (UV): karatasi na nyuzi nyingi za kisasa huwaka buluu, kwa sababu ya ving'arishi vya karne ya 20, yaani kemikali za kuvifanya vionekane vyeupe zaidi.

Ukishanunua, usiihifadhi bastola humo. Najua inapendeza, lakini mahameli hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma, kutu ikaanzia upande usiouona. Masanduku ya mwaloni, yanayopatikana sana katika mtindo wa London, ni mabaya zaidi: mti huo hutoa mvuke wa asidi ya siki, na risasi za madini ya risasi hugeuka unga mweupe wenye sumu. Usiupulize wala kuufuta kwa mkono mtupu. Kopo la fataki nalo usilitikise wala kulifungua kwa nguvu. Fataki za miaka 150 bado zinaweza kulipuka.