Pesa ya simu au mkeka wa ukindu?

Kila Desemba, mabasi ya kwenda Gulu, Mbarara na Arua yanapoanza kujaa Kampala, ubishi ule ule hurudi. Ya nini kuhangaika na mizigo ya zawadi ilhali mama kijijini ana simu? Mtumie pesa, atanunua anachotaka mwenyewe. Wanaosema hivyo si wachoyo, na hoja yao ina uzito.

Tangu huduma ya pesa kwa simu iingie Uganda mwaka 2009, mtu wa Kampala anaweza kumfikia mgonjwa wa Kitgum kabla chai haijapoa. Mtoto akilazwa, au shule ikidai ada, mkeka hausaidii chochote. Pesa haipasuki njiani kama mfuko wa sukari, wala haikosei kipimo cha bega kama nguo. Makato yapo: kodi ya mwaka 2018, iliyoanza kwa asilimia 1 ya kila muamala, ilipunguzwa ikabaki asilimia 0.5 kwenye kutoa. Mama akitoa 100,000, shilingi 500 zinakwenda kwa serikali, na ada ya kampuni inakatwa kando. Ndiyo maana mtumaji muungwana huongeza ya kutolea.

Tatizo linaanza pesa ikishafika. Katika nyumba ya watu wanane, shilingi 50,000 zikilia kwenye simu ya mama, kila shida ya nyumba inazisikia. Daftari za wajukuu, chumvi, deni la dukani. Kufika Jumapili zimekwisha, na yeye hakubaki na kitu cha kusema "hiki ni changu". Gomesi, vazi la heshima la wanawake, haigeuki daftari. Hapo ndipo zawadi ya kushikika inapoishinda pesa, na wanaoitetea wangefaa kuanza na hoja hii badala ya kulilia uzuri wa zamani.

Hata hivyo, kuna jibu ambalo haliepukiki: nani kakupa wewe haki ya kuamua kwamba mama avae, asisomeshe wajukuu? Pengine kusomesha ndiyo furaha yake. Kwa maoni yangu, njia ya haki ni kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Msaada utumwe kwa simu, mapema, ukitajwa kuwa msaada. Zawadi ije baadaye, hata ikiwa ndogo, bila kubebeshwa kazi ya ada. Aliyetuma mkeka kwenye nyumba isiyo na unga amekosea mpangilio, hata kama mkeka wenyewe ni mzuri.

Tusiidanganye historia pia. Kutoa bila hesabu hakukuwa desturi ya kila mahali. Buganda, msimu wa nsenene, panzi wanaoliwa, mwanamke aliwakusanya, akawatoa mbawa na miguu, akamwandalia mumewe. Naye mume alitarajiwa kumlipa kwa gomesi. Ilikuwa zawadi yenye deni, na kila mtu alilijua. Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, hadi leo jogoo wa muko, kaka wa bibi harusi, hudaiwa waziwazi, na bahasha haichukui nafasi yake kirahisi. Ankole nako bibi harusi hupewa na kwao ebyanzi, vyombo vya mti vya maziwa. Kilichozipa zawadi hizo nguvu ni kwamba kila moja ilimlenga mtu mmoja mwenye cheo chake.

Kulenga huko kunadai ujuzi, na zawadi nyingi za kushikika huharibikia hapo. Chukua gomesi. Huhitaji kitambaa cha kama mita 6, na kwa kuwa huzungushwa mwilini na kufungwa kwa mshipi, upana husamehe. Mabega na urefu havisamehe. Shingo yake ya mraba hufungwa kwa vifungo viwili upande wa kushoto, kwa hiyo bega likizidi, shingo nzima huteleza. Chukua vipimo kwenye gomesi anayoipenda, si kwa kukisia. Kosa jingine ni kusahau kikoyi cha ndani: kitambaa chepesi bila kikoyi hunasa miguuni, na mama ataiacha sandukuni.

Mkeka nao una siri zake. Majani machanga ya mkindu, Waganda huyaita ensansa, huchanwa, huchemshwa na kuanikwa mpaka yawe meupe. Yanayotiwa rangi hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka, kisha husuuzwa mpaka maji yatoke safi. Msukaji mwenye haraka huruka kusuuza, na mkeka hutoa rangi kwenye nguo siku ya kwanza mtu akikaa na jasho. Sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kabla ya kulipa. Kisha inua mkeka kwenye mwanga: ukiona nafasi kati ya kili, yaani mikanda iliyosukwa, ukindu ulisukwa ukiwa umelowa mno, ukakauka na kunywea. Kazi hii huchukua majuma, kwa hiyo kumbana msukaji bei mpaka tone la mwisho, halafu kujisifu umetoa zawadi ya upendo, ni jambo la kusikitisha.

Kwa asiye na fedha nyingi, odii ya Acholi, siagi ya karanga na ufuta, inatosha kabisa. Kilo 1 ya karanga kwa nusu kilo ya ufuta ni uwiano mzuri. Kwanza chambua karanga, utupe zote zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, maana sumu ya ukungu haiishi yote kwa kukaanga. Kaanga karanga kwa moto mdogo, ufuta peke yake, kwa sababu huungua haraka. Menya, saga, tia chumvi kidogo, usiguse maji. Chupa ichemshwe na ikauke kabisa. Wengi hukosea mwishoni: hufunika odii ikiwa moto, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, na baada ya siku chache juu pameota ukungu. Iache ipoe kwanza. Mafuta yakipanda juu si uharibifu, koroga kwa kijiko kikavu.

Ladha ya odii hiyo haiko kwenye duka lolote kwa sababu anayeipika anajua kama shangazi anapenda karanga zilizokaangwa sana au kidogo. Lakini kama shangazi ana shinikizo la damu, acha chumvi. Na kama unatuma mkeka kwa basi, uviringishe, usiukunje, maana ukindu huvunjika kwenye mkunjo na hauungiki tena. Ufunge kwa byayi, nyuzi kavu za mgomba, na jina pamoja na namba ya simu ya mpokeaji yaandikwe mara mbili: karatasi moja nje, nyingine ndani ya mviringo, kwa sababu ile ya nje mara nyingi huchanika wakati wa kupakia.