Kifusi nilichokilipia mara mbili

Mwaka jana nilibomoa jiko la uani kwetu Kisauni. Alilijenga marehemu baba kwa mawe ya timbo, akalipaka rangi ya kijani, ile ya zamani isiyobanduka hata uisugue vipi. Nikamlipa mwenye tipa aje azoe kifusi. Akazoa, akaenda zake. Siku ya tatu napita Junda kwenda mazikoni, naona rundo la mawe kando ya mikoko, na juu yake vipande vya kijani. Lilikuwa jiko letu.

Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua kokoto za kujazia msingi wa jiko jipya! Yaani nimelipa mawe yaondoke, kisha nikalipa mawe yaje. Fundi wangu, mzee wa Likoni, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu, si ungeniuliza kwanza? Yale ningeyaponda yakaingia chini, pesa yako ukanunua saruji."

Kichekesho ni chetu sote. Mombasa imekaa juu ya matumbawe na imejengwa kwa matumbawe. Ukienda matimbo ya Mtwapa au Vipingo utaona jiwe linavyokatwa: msumeno unapita, tofali linatoka, na kando yake zinabaki pembe zilizovunjika na vumbi jeupe. Vumbi hilo hurundikwa vilima kwa vilima. Mvua ikilipiga, likikauka, linagandamana kama ugali uliolala. Mimi nikiona kitu kinachoshikana hivyo chenyewe, siwezi kukiita taka.

Tena si vumbi geni. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimetumia matumbawe haya haya tangu mwaka 1954. Ila saruji inataka tanuri lifike kama nyuzi 1450, na jiwe lenyewe likiungua hutoa hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni au makaa yanayolichoma. Tofali la kushindiliwa kwa mashine halina makuu hayo. Vumbi la timbo, udongo mwekundu, saruji kidogo, pengine sehemu moja kwa kumi. Unalishindilia, unalifunika, unalimwagia maji wiki kadhaa. Halichomwi. Likiwa la kufungana, moja likiingia kwenye jingine, hata udongo wa kuunganishia unapungua.

Na wazee wetu walilijua hili bila semina. Sakafu za nyumba za Mji wa Kale ni chokaa na kokoto za matumbawe, zikapigwa kwa vijiti siku baada ya siku mpaka zikawa ngumu. Leo tunaletewa habari hiyo kama uvumbuzi.

Sisemi kila kifusi kifanye kila kazi. Zege kuukuu ikipondwa hunywa maji kuliko kokoto mpya, na nguvu hupungua. Iweke chini ya njia, kwenye kabro, yale matofali ya kutandika njia, kwenye kingo za barabara. Usiiweke kwenye nguzo ya ghorofa. Mawe yaliyokaa na maji ya bahari yana chumvi, na chumvi hula nondo. Nani hapa Mombasa hajaona roshani iliyobanduka, chuma chekundu kikachungulia? Mapaa ya asbesto nayo yasipondwe kabisa, vumbi lake huharibu mapafu.

Ugumu ni bei, si ujuzi. Kutupa mikokoni gharama yake ni dizeli tu, basi nani atanunua mashine ya kuponda? Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha na kurejesha taka. Vizuri. Mimi ningeongeza mambo mawili: anayeomba kibali cha kubomoa aonyeshe kwanza kifusi kitapokelewa wapi, na kaunti inapotandika kabro vichochoroni, sehemu yake itokane na kifusi. Mnunuzi akiwepo, wenye tipa wenyewe watageuza njia. Hao hawana uadui na mikoko, wana uadui na hasara.

Watu hunitajia Haller Park. Naipenda, nimepeleka watoto mara nyingi. Tangu mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipanda mivinje kwenye mashimo ya Bamburi, akaleta jongoo wa kula majani yaliyoanguka wayageuze kuwa udongo juu ya mwamba, na leo twiga wanatembea humo. Lakini kutibu shimo ni kazi moja, kupunguza kuchimba ni nyingine, na hii ya pili hatujaianza.

Jiko letu? Nilirudi Junda na mwenye mkokoteni, tukabeba safari mbili. Fundi aliyaponda, yakawa njia ya kwenda chooni, pale masika yalipokuwa yakituacha na matope hadi vifundoni. Ukihesabu na mkokoteni, basi nimelipa mara tatu.